Safari ya gari Pemba wakati wa masika, bibi na watoto wakiwemo

Kabla hujaandika orodha ya fukwe na magofu, andika orodha ya nyumba. Nani ana jamaa Mkoani? Nani kasoma na mtu wa Ole? Shangazi yake mumeo wa Wete yupo, au yuko Dar kwa matibabu? Masika Pemba hutembewa kutoka baraza hadi baraza. Mvua ikikukamata Chwale na huna mlango wa kupiga hodi, mtakaa garini vioo vimeshika ukungu, watoto wanalilia biskuti, na bi mkubwa anauliza choo kiko wapi. Jibu la swali hilo uwe nalo kabla hamjaondoka Mjini Unguja.

Nikisema masika nakusudia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Idi ndogo miaka hii imekuwa ikiangukia Machi na Aprili, kwa hivyo sisi wa Unguja wenye kwetu Pemba tunavuka mawingu yakiwa yameshajikusanya, tukipenda tusipende. Mimi napenda. Nyumba za wageni hazina watu, bei inazungumzika, na jamaa unawakuta, maana mvua ikishuka hakuna anayetoka.

Kuvuka

Siku mbili tatu kabla ya safari, soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usiishie kwenye mvua. Tafuta mstari wa upepo na mawimbi. Boti haijali mvua, inajali upepo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti zilisimamishwa, na waliopanga kurudi siku ile walilala walipo. Kwa hivyo weka siku moja ya ziada mwisho wa safari. Mwenye kazi isiyosubiri asipange kurudi Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi.

La pili halina uhusiano na mvua, lakini Idi ndiyo inayolileta: chombo kilichojaa kupita kiasi usipande. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Mtu wa Pemba huna haja ya kumweleza zaidi. Ukifika bandarini Malindi ukaona watu wanapandiana, rudi nyumbani, hata kama Idi ni kesho. Bibi atanuna, mwache anune.

Wanaochafukwa na tumbo wakae chini, katikati, nyuma kidogo, wale kitu kikavu kabla ya kupanda: boflo tupu au biskuti, siyo maharage ya nazi. Tangawizi itafunwe kabla boti haijang'oa nanga. Kichefuchefu kikishaanza, tangawizi nayo inarudi. Chukua kopo la rangi lenye mfuniko, lililosafishwa. Mifuko ya plastiki Zanzibar ni marufuku, na mfuko wa karatasi uliolowa hauna faida kwa mtu yeyote.

Gari na mpangilio wa watu

Usivushe gari lako. Kodi Pemba, na ukodi pamoja na dereva, hata kama mumeo ni fundi wa usukani. Anayeendesha kila siku kule anajua bonde lipi hujaa, kalvati ipi imekula ukingo, na nani wa kumpigia simu mkinasa. Hiyo ndiyo unayolipia. Kabla ya kutoa pesa usiulize kama gari ni zima, kwa sababu hakuna mwenye gari aliyewahi kusema si zima. Inama utazame meno ya matairi yote, na la akiba pia. Washa waipa ukaitazame ikifuta. Washa kipoza hewa, maana watu saba waliolowa wakifunga milango, bila hicho kioo cha mbele kinakuwa ukuta. Kubalianeni mapema kama bei ya siku ina mafuta ndani au haina, kisha jazeni Chake Chake badala ya kungoja hadi mko kaskazini.

Noah inatosha watu saba, ikiwa wawili ni watoto. Sisi tunakaa hivi. Bibi yuko kiti cha kati karibu na mlango wa kuburuza, kwa sababu mlango ule ni mpana, ngazi yake ya chini, na anashuka bila kushikwa kiuno kama mgonjwa, jambo ambalo halipendi kabisa. Mwenye kuchafukwa anakaa mbele na dereva. Vijana nyuma, na kelele zao hukohuko. Rafiki wa Bara, kama yupo, mpe dirisha la kushoto. Tangu Mkoani hadi Chake atakuwa anauliza ile ni mikarafuu au si mikarafuu.

Mizigo ya nguo itiwe kwenye ndoo zenye mifuniko. Nasema hivi kwa watu na wananicheka, kisha jioni wanaomba nguo kavu kwangu. Begi la nguo likikaa sakafuni mwa gari ambalo watu wamelipandia na miguu yenye tope, hunyonya maji kutoka chini polepole, na hujui mpaka usiku. Ndoo hainyonyi, na mkifika inatumika kuogea.

Kisha kuwe na mkoba mmoja usiofungwa, unaokaa miguuni pa mtu mwenye akili: kanga mbili kwa kila mwanamke, kikoi, taulo, tochi, panadol, chupa ya chai, maji yaliyochemshwa, na vyandarua vya watoto mkiwa hamna uhakika na mnapolala. Tochi usiidharau. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, lakini kuti moja likiangukia nyaya za juu, kijiji kizima kiko gizani. Koti la nailoni mimi sichukui. Unatoka jasho ukalowa kwa ndani. Mwamvuli ni wa bibi peke yake. Sisi wengine tunalowa, tunabadilisha, tunaendelea. Viatu viwe vya mpira, na vya ngozi vibaki Unguja.

Barabara, udongo na mwezi

Uti wa mgongo wa safari ni lami: Mkoani, Chake Chake, Wete, Konde. Ukikaa juu yake masika hayakufanyi kitu zaidi ya kukuchelewesha. Kila unapotoka kwenye lami, uliza kwanza unakanyaga nini. Kichanga kinakunywa maji. Nusu saa baada ya mvua unapita. Kinongo, ule udongo mwekundu wa vilimani, unateleza ukiwa umelowa juu tu, na hatari yake ni kushuka, si kupanda. Kinamo, cha mabondeni, ni gundi. Gari likizama kwenye kinamo msilisukume wote mkiwa na nguo za Idi. Kaeni mtulie, aende mtu kijijini kuita vijana wenye majembe, muwape chochote.

Pemba ni kilima, bonde, kilima, bonde. Mvua kubwa ikinyesha, vilima vyote viwili vinamwaga maji katika bonde moja na barabara imepita katikati. Mara nyingi utaisikia kabla ya kuiona: migomba ya upande wa pili inaanza kupiga kelele, kisha kelele inateremka, inavuka bonde, na ghafla kioo cha mbele hakionyeshi kitu. Hapo dereva mzuri hasubiri kuambiwa. Anawasha taa, anapunguza, anatafuta mahali pa juu pa kusimama, mbali na mti mkubwa.

Mkikuta maji yamekatiza barabara, tazameni mambo mawili. Maji yanakwenda au yamesimama? Na ukingo wa lami unauonaje, wote, kuanzia huku hadi kule? Maji yaliyosimama ambayo ukingo wake unaonekana, pita taratibu kwa gia ya chini bila kusimama katikati, na ukitoka gusa breki mara mbili tatu zikauke. Maji yanayokwenda, au ukingo haupo, simameni. Daladala ikipita mbele yenu haithibitishi kitu. Imekaa juu kuliko nyie, na dereva wake ana hesabu ya kurudisha kwa tajiri. Kijana akijitolea kuingia kupima kwa miguu, mkatalieni. Kalvati iliyozolewa na maji haionekani kutoka juu.

Sasa, maji hayo yatakaa muda gani? Hapa wageni wengi, na hata watu wa Mjini, hawafikirii mwezi. Mabonde mengi ya Pemba yanaishia kwenye mikoko. Bahari ikiwa imepwa, maji ya mvua yana pa kwenda, na bonde linapungua wakati nyie mnakunywa chai. Bahari ikiwa imejaa, hasa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya bahari yanaziba mdomo wa kijito na bonde linabaki limevimba. Siku za bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hivyo siku hizo njia za bondeni karibu na mikoko zipitwe asubuhi, na jioni muwe mmeshafika mnapolala. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, haina uzito huo. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakutosha: karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano, kuwa mwangalifu.

Mtu akikwambia mvua ya masika ina saa zake, mshukuru, usimsikilize.

Pa kwenda na pa kuacha

Siku ya kuteremka Mkoani msipange kitu zaidi ya kufika Chake, kula na kulala. Mkipata mwanya na mvua inanyesha, makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake ni mahali pakavu pa kuwapeleka watoto wakajua kwao kuna historia. Magofu ya Pujini, ngome ya Mkama Ndume, yaacheni mpaka jua lipige siku mbili mfululizo. Ras Mkumbuu na kisiwa cha Misali viwekeni kiangazi.

Ngezi lakini nendeni, na nendeni masika hasa. Msitu ule ni kipande kilichobaki cha msitu wa asili wa kisiwa, na mvua ikiwa imetoka kukatika unaendelea kudondosha matone nusu saa nzima, mivule juu, mpapindi chini, mti ule wa kwetu wa jamii ya mnazi usioota kiasili kwengine. Ulizeni Konde hali ya njia kabla ya kuendelea. Lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji wa pale, mtie suruali ndani ya soksi. Siafu wakati huu wako njiani kwa maelfu, na mtoto akisimama juu ya mstari wao hatasahau Ngezi maisha yake. Bibi abaki langoni na chupa ya chai. Ukirudi utakuta ameshajua ukoo wa kila mfanyakazi.

Kutoka hapo ni Vumawimbi na mnara wa taa wa Kigomasha. Ufukweni watoto wachezee mchanga tu, bahari ikiwa na mawimbi wasiingie. Mnarani, kukiwa na wingu jeusi hata la mbali, msipande. Ni mnara wa chuma, ngazi za chuma, na radi haiombi ruhusa.

Wakati wa kurudi, Kidike mwone popo wa Pemba, wanaopatikana kisiwani humu tu, mabawa yao yakitandazwa yanapita mita moja na nusu. Miaka ya 1980 walikaribia kumalizwa kwa kuliwa. Leo wanakijiji wanawalinda. Mvua nyepesi haiwafukuzi, wananing'inia wamejifunika. Mkipita Wete mkanunue halua, na muinunue ya kutosha, kwa sababu mkifika Unguja nusu yake itakuwa imeshaliwa na abiria wa nyuma.

Adabu ya kufikia kwa watu

Watu saba wakiteremka mlangoni kwa mtu saa saba mchana bila taarifa, hiyo si ziara. Piga simu siku moja kabla, tuma pesa ya kitoweo kwa simu, na useme ni kwa ajili ya watoto ili isirudishwe. Masika samaki hawapatikani kila siku, wavuvi wengine hawatoki, kwa hivyo usimweke mwenyeji katika aibu ya kutafuta nguru. Muhogo wa nazi na ng'onda, samaki mkavu, utawatosha wote. Mikono isiwe mitupu: sukari, majani ya chai, sabuni, unga. Viatu vyenye tope vibaki nje kabisa, watoto waoshwe miguu barazani, wamuamkie kila mtu mzima mmojammoja, na rafiki wa Bara aambiwe mapema akalie jamvi, asingoje kiti.

Mwenyeji akisema laleni, mvua hii si ya kuondokea, laleni. Yeye ndiye aliyekuwa akilisikiliza lile bonde miaka yote.

Siku ya mwisho lisafisheni gari kabla ya kulirudisha, hasa chini, kwenye matairi na mikono ya milango. Kinamo kikikauka kinabanduka na rangi, na mwenye gari atawakumbuka kwa hilo Idi ijayo mkimpigia simu.