Baiskeli kandokando ya Ziwa Kivu: jipange hivi kabla hujatoka nyumbani

Ukimwambia mtu unaenda kuendesha baiskeli kando ya ziwa, picha inayomjia ni barabara tambarare na upepo mwanana, maji yako pembeni na wewe unakanyaga mdogomdogo kama uko Capri Point jioni. Mimi natokea Mwanza na nilienda na picha hiyohiyo, aisee nililia. Kivu, ziwa la mpakani mwa Rwanda na Kongo, liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na milima yake inadumbukia moja kwa moja majini, vilima vimeingia ziwani kama vidole, kwa hiyo kazi ya siku nzima ni kupanda kidole, kushuka mpaka kwenye kamto, kuvuka, halafu unaanza kidole kingine. Kuna mahali unaona kijiji ng'ambo ya pili unadhani dakika kumi tu uko pale, kumbe ni saa nzima na jasho la kutosha.

Njia yenyewe upande wa Rwanda inaitwa Congo Nile Trail, kilomita 227, kutoka Rubavu (wengi bado wanaita Gisenyi) mpaka Rusizi kule kusini, na kwa baiskeli watu hupanga siku 5. Ukigawa unapata kama 45 kwa siku, unasema hiyo si naimaliza kabla ya chai ya saa nne? Usithubutu. Huku hesabu masaa, achana na kilomita. Mimi na mzigo wangu mdogo nilikuwa napata kilomita 8 mpaka 10 kwa saa nikijumlisha kusimama, kupiga picha na kusukuma baiskeli kwa miguu, na kusukuma utasukuma tu hata uwe na paja la namna gani. Kama huna siku 5 fanya kipande cha kaskazini tu, Rubavu kwenda Karongi unalala Kinunu katikati, ndo kitamu zaidi kwa vumbi na changarawe, maana kusini ya Karongi unakutana na lami mara nyingi zaidi.

Na hapo kwenye masaa kuna mtego mwingine ambao sisi wa Tanzania na Kenya tunaingia kichwakichwa. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Simu inajibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haijibadilishi, lakini tatizo sio hilo, tatizo ni giza. Mwanza jua linazama inakaribia saa moja kasoro, kwa hiyo mwili wako umezoea kwamba saa kumi na mbili bado kuna mwanga wa kutosha, sasa kule Kivu saa kumi na mbili na dakika chache kwa saa yao jua limeshazama nyuma ya milima ya Kongo na giza linakuja kwa kasi. Siku ya kwanza nilikuwa bado nina vidole viwili mbele yangu nikajua nina muda, matokeo yake nimeshuka mteremko wa mawe na tochi ya simu nimeing'ata mdomoni. Beba taa ya ukweli, na panga kufika unapolala ifikapo saa kumi.

Msimu: nenda Juni mpaka mwanzoni mwa Septemba, au ule ukavu mfupi wa Januari. Machi mpaka Mei usijaribu, na sisemi kwa sababu ya kulowana. Udongo ule mwekundu ukilowa unajazana kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kabisa, unabeba baiskeli begani, na milima inaporomoka kweli, Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya upande huohuo wa magharibi yaliua watu zaidi ya 130. Mwezi wa nne pia kuanzia tarehe 7 ni wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, na maeneo ya Karongi na Bisesero yaliumia sana, sio wakati wa kupita na spika inapiga muziki kwenye begi.

Sasa baiskeli. Tairi pana, milimita 40 kwenda juu, mimi ningeweka 45 nisihangaike. Gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, mwambie fundi akuwekee sprocketi (lile gurudumu la meno la cheni) kubwa nyuma halafu azidishe saizi moja tena, hakuna atakayekucheka kule maana hata wanaokucheka watakuwa wanakusukuma. Lakini kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa ni breki, kila mtu anawaza kupanda wakati kushuka ndo kunakula vifaa. Mteremko mmoja unaweza kwenda nusu saa umeshika breki muda wote, vidole vinakufa ganzi, diski ukiimwagia maji inalia tsss kama chuma cha mhunzi. Mimi niliondoka na pedi nusu nikasema zitatosha, siku ya pili mchana nikaanza kusikia chuma kinasaga chuma. Pedi za breki za diski hupati kijijini, unapata raba za breki za baiskeli za kawaida tu. Weka pedi mpya kabla hujatoka na beba seti nyingine, ni nyepesi kuliko biskuti.

Hivyohivyo kwenye pancha. Mafundi wapo, tena wazuri, kila kasenta kana jamaa ana beseni la maji, tupa la kukwangulia tyubu na gundi, atakuziba kwa hela ndogo. Ila baiskeli za kule ni zile ngumu za mzigo, rimu zake na zako haziendani, na kama una valvu nyembamba pampu yake haitaingia, nenda na adapta na pampu yako. Tyubu mbili, viraka, kipande cha tairi kuukuu cha kukinga pakichanika, kiungo cha cheni. Hizo tu.

Chakula hakisumbui sana, kuna maharage, ndizi, isombe ambayo ni kisamvu tu, sambaza za kukaanga (vidagaa vya ziwani, mbegu yake ilitoka Tanganyika miaka ya 1950), na vile viduka vimeandikwa Amata, yaani maziwa, unaingia unapewa ikivuguto baridi, mtindi huo, mimi nilikuwa napiga nusu lita kila nikiona kibao. Maji ndo ujipange. Mabomba ya kijiji yapo ila beba vidonge vya kusafishia au kichujio, na usianze mlima wowote ukiwa na chini ya lita moja na nusu. Hela taslimu chukua Rubavu, Karongi au Rusizi, huko katikati utategemea noti na simu, na laini ya Rwanda sajili mapema ukiwa mjini. Malazi ya Kinunu na Nyamasheke piga kwanza, ukifika usiku umejaa vumbi ukaambiwa vyumba vimeisha hakuna hoteli ya pili mtaa wa nyuma.

Lugha: Rubavu na Rusizi Kiswahili unaongea mpaka unasahau umevuka mpaka, na tangu 2017 ni lugha rasmi, lakini ukishapanda milimani ni Kinyarwanda. Jifunze mwaramutse ya asubuhi, mwiriwe ya mchana, murakoze ya kushukuru, na igare ambayo ni baiskeli. Maji ni amazi kwa hiyo hufi kiu. Watoto ndo wenyeji wako wa kweli, watakukimbilia mlima mzima wanaimba agacupa, agacupa! Nilidhani wananitania, kumbe sikio la Kiswahili lilitakiwa kushtuka mapema, chupa, wanataka chupa tupu ya maji. Kuna dogo mmoja miguu peku alinisukuma nyuma ya siti kama mita mia mbili, mkono mmoja kwenye siti, mwingine ameshika kidumu cha maji, hata hahemi. Nilimpa chupa nikaona aibu kuwa nimekaa.

Sheria zao wanazifuata kwelikweli. Kule wanapita kulia, na hatari sio asubuhi ukiwa makini, hatari ni jioni umechoka, unatoka kwenye kinjia unaingia lami na kichwa kinakupeleka kushoto kwa mazoea. Mifuko ya rambo, ya plastiki, walipiga marufuku tangu 2008, kwa hiyo nguo zako usizifunge humo, mpakani wanakagua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, saa mbili mpaka saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa na magari yamesimama, panga uwe umelala mahali penye kifungua kinywa. Namba za dharura ni 112 polisi na 912 ambulensi.

Halafu ule mpaka. Kongo iko palepale unaiona, na Januari 2025 wakati wa mapigano ya Goma makombora yaliangukia hata Rubavu, kwa hiyo wiki ya safari soma habari na uliza mtu aliyeko huko. Usivuke kwa kujaribu. Na kambi ya hema karibu na Rubavu usichague kishimo kizuri kisicho na upepo, kuna gesi nzito inakaa mabondeni wenyeji wanaiita mazuku, huioni na inaua, waulize pa kulala. Kuogelea mbona raha, mamba hakuna, kiboko hakuna.

Mwisho, kurudi. Kuna boti baadhi ya siku na kuna basi, ulizia ratiba ukiwa palepale bandarini au stendi. Nilipanda basi, kijana akaitupa baiskeli kwenye buti upande wa cheni chini, juu yake gunia la viazi, nafika Kigali kile kichuma kinachoshika dereila (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia) kimepinda kama ndoano na gia haziingii. Sasa hivi nafungua pedeli, nageuza cheni iangalie juu, nakaa siti ya karibu na buti, na kile kichuma nina cha akiba nimekifunga na tepu chini ya siti.