Dhamana Kenya: mambo ya kuzingatia kabla haijakataliwa au kufutwa

Tangu Katiba ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba dhamana. Kifungu cha 49(1)(h) kinamruhusu kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Kuzithibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka, na mara nyingi huwa ndani ya hati ya kiapo ya mpelelezi. Ipateni mapema, muijibu aya kwa aya, kwa kiapo. Kueleza kwamba mshtakiwa hana hatia hakusaidii hapa. Hakimu anapima kama atarudi kortini na kama mashahidi wako salama.

Makao ndiyo hukwamisha wengi. "Anaishi Kayole" haitoshi. Bebeni mkataba wa nyumba au barua ya chifu inayotaja mtaa na ploti, pamoja na namba ya jamaa ambaye kweli atapokea simu. Afisa wa probesheni akiagizwa kuandika ripoti ya dhamana, ataongea na familia na majirani, na majibu yakigongana na kiapo, ripoti itasema hivyo. Mlalamishi akiwa wa ploti hiyohiyo, tafuteni makao mengine kabla ya kuomba: Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wake uzingatiwe.

Mdhamini aje na kitambulisho halisi, picha za pasipoti, na hati miliki ya ardhi au logbuku ya gari yenye jina lake, isiyo na deni la benki. Ya marehemu baba hairuhusiwi kabla ya urithi kukamilika. Ajue pia kwamba mshtakiwa akitoroka, ataitwa aeleze kwa nini asilipe bondi yote, yaani kiasi alichoahidi korti. Akianza kushuku, aombe korti imwondoe mapema.

Dhamana hufutwa kwa kukosa kortini, hata siku ya kesi kutajwa tu bila kusikilizwa, na kwa kumfikia shahidi. Kumtuma shangazi "akaongee naye" ni kumfikia. Mgonjwa apeleke barua ya hospitali kabla kesi haijaitwa. Aliyechelewa asirudi nyumbani: amwone karani, faili irudi mbele ya hakimu siku hiyohiyo, aombe waranti ya kumkamata iondolewe.

Hakimu akikataa, Mahakama Kuu inaweza kuagiza dhamana chini ya kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Ombi jipya kwa hakimu yuleyule linahitaji hali iliyobadilika, kwa mfano shahidi aliyehofiwa kuingiliwa ameshatoa ushahidi.