Jinsi ya Kujadili Kocha Ajaye wa Klabu Yenu

Kila kibarua cha kocha kinapoota nyasi pale Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga, mjadala wa mrithi wake huanza siku hiyo hiyo, na karibu kila mara huanzia kwenye majina. Mmoja humtaja Mfaransa aliyemsikia redioni asubuhi, mwingine anamtaka Mreno, wa tatu anasisitiza apewe mzawa, na baada ya saa mbili kila mtu huondoka kijiweni na jina lile lile alilokuja nalo. Mimi ni mwanachama wa tawi la mojawapo ya klabu hizi mbili za Kariakoo, na ninaamini kwa dhati kwamba shabiki anayelipa kiingilio, kununua jezi na kusafiri usiku kucha kuifuata timu mkoani ana haki kamili ya kusema nani anaifaa timu hiyo. Haki hiyo ina kazi yake, na kazi yenyewe ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa namna tunavyoifanya tawini kwetu.

Jambo la kwanza ni kuuacha usiku wa kipigo upite. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1, na siku chache tu baadaye Simba ikaachana na Mbrazili Roberto Oliveira, yaani Robertinho. Aprili ya mwaka huo huo, kocha huyo alikuwa ameifikisha Simba kwenye mikwaju ya penalti dhidi ya Wydad mjini Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi au haukuwa sahihi; ninachosema ni kwamba katika siku zile hakuna aliyekuwa tayari kuikumbuka Casablanca, na mjadala unaofanyika watu wakiwa na uchungu wa namna hiyo humtafuta mtu wa kutuliza maumivu badala ya mtu wa kufundisha mpira. Sisi hukutana siku ya tatu au ya nne, baada ya sala ya isha, wakati kila mtu amekwisha kulala na kuamka.

Mkishakutana, andikeni kikosi kabla ya kutaja jina lolote. Katibu wetu hufungua kaunta buku katikati ya vikombe vya kahawa, huchora uwanja kwa kalamu ya bluu, kisha huweka majina ya wachezaji mahali wanapocheza kwa asili, wala si mahali tunapotamani wacheze. Anayemaliza mkataba mwisho wa msimu huzungushiwa duara. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa na hubadili mazungumzo yote, kwa sababu kikosi chenye mawinga watatu wazuri na kiungo mkabaji mmoja tu hakiwezi kukabidhiwa kwa mwalimu yeyote yule. Nakumbuka usiku mmoja tulipotazama mchoro tukakuta upande wa kushoto una jina moja pekee, na kijana aliyekuwa akimpigania kocha anayetaka mabeki wa pembeni wapande muda wote akanyamaza, akauliza, “Sasa huyu mmoja akiumia, atapanda nani?” Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza.

Baada ya kikosi, tazameni ratiba na viwanja. Kocha wa Simba au Yanga hapambani na ligi moja tu. Ana Ligi Kuu, ana Kombe la Shirikisho la nyumbani, ana mashindano ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, na akirudi kutoka ugenini anakuta viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vimejipanga, mechi tatu ndani ya siku nane au tisa, moja Tanga, nyingine Mwanza. Yanga ya kocha Nasreddine Nabi ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, na rekodi hiyo haikuvunjwa Kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, mbele ya umati. Ilivunjwa Novemba 2022 huko Mbarali, mkoani Mbeya, na Ihefu kwa mabao 2-1. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila anayependekezwa ni hili: amewahi kuinoa timu inayosafiri hivi, inayocheza Jumamosi kwenye nyasi nzuri na Jumatano kwenye uwanja ambao mpira unadunda ovyo, na alipangaje wachezaji wake katika wiki kama hizo? Mwalimu ambaye maisha yake yote amecheza mechi moja kwa wiki anaweza kuwa hodari sana na bado akashindwa kwetu kufikia mwezi wa Februari.

Sasa ndipo majina yanaruhusiwa, na kila jina lije na wasifu wake. Kuusoma wasifu ni tofauti na kuhesabu vikombe. Angalieni kwanza kama alikuwa kocha mkuu au msaidizi, kisha alikaa kila mahali kwa muda gani, kisha aliikuta timu katika hali gani na aliiacha wapi. Abdelhak Benchikha alipotua Simba Novemba 2023 alikuwa ametoka kuipa USM Alger Kombe la Shirikisho Afrika, tena kwa kuitoa Yanga yenyewe katika fainali, na vijiwe vyote vilikubali kwamba hapo hakuna cha kujadili. Aprili 2024 alikuwa amekwisha kuondoka, na Simba ikamaliza ligi katika nafasi ya tatu. Aliyefuata Julai, Fadlu Davids wa Afrika Kusini, wengi walimwona mdogo kwa sababu msimu uliotangulia alikuwa msaidizi Raja Casablanca, lakini aliyesoma wasifu wake kwa utulivu aliona kwamba Raja ile ilitwaa ubingwa wa Morocco bila kufungwa hata mechi moja, na kwamba mwaka 2018, akiwa kocha mkuu, aliifikisha Maritzburg United, klabu isiyo na fedha nyingi, katika fainali ya Kombe la Nedbank la Afrika Kusini. Mei 2025 alikuwa na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Nisieleweke kwamba wasifu mdogo ni bora kuliko mkubwa. Hoja yangu ni kwamba kikombe kinaonyesha timu ilifika wapi, na mjadala wenu unapaswa kutafuta kocha alichangia nini katika kufika huko.

Njia ya kuupata mchango huo ni kutazama mechi nzima. Vipande vya mabao vinavyosambazwa kwenye simu havitoshi, kwa kuwa vimekatwa na mtu anayetaka usifu. Tafuteni walau mechi mbili kamili za timu aliyoifundisha, moja aliyoshinda na moja aliyofungwa, mkazitazame pamoja. Mzee mmoja wa tawi letu, ambaye ujana wake aliucheza mpira wa mikoani, ana swali analomuuliza kila anayekuja na jina: “Mwanangu, umeiona timu yake dakika kumi baada ya kufungwa bao la kwanza?” Ni swali bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Katika dakika hizo huonekana kama wachezaji wana mpango au wanakimbia tu, kama kocha amesimama anaelekeza au amekaa, kama mabadiliko anayoyafanya yanabadili umbo la timu au yanamtoa tu aliyechoka na kumwingiza asiyechoka. Tazameni pia mipira ya kona, ya kupiga na ya kupigiwa, kwa maana mazoezi ya katikati ya wiki hujionyesha hapo kuliko mahali pengine popote. Andikeni dakika na tukio. Mtu akisema “huyu hajui kufanya mabadiliko”, aombwe kwa heshima ataje mechi na dakika.

Hapa panahitaji subira zaidi, kwa sababu takwimu zile zile zinaweza kuwapa watu wawili hoja zinazopingana na wote wakawa wakweli. Mfano ninaoupenda ni wa Mbelgiji Patrick Aussems katika msimu wa 2018/19. Simba yake ilicheza mechi 6 za makundi ya Ligi ya Mabingwa. Nyumbani iliifunga JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Ugenini ilichapwa 5-0 na AS Vita, 5-0 na Al Ahly, na 2-0 na JS Saoura. Ukijumlisha unapata pointi 9, mabao 6 ya kufunga ambayo yote yalipatikana Dar es Salaam, na mabao 13 ya kufungwa, 12 kati yake yakiwa ugenini. Timu ikatinga robo fainali, ikatoka sare ya 0-0 na TP Mazembe hapa nyumbani, kisha ikafungwa 4-1 Lubumbashi. Aliyemtetea Aussems alisema, na alikuwa sahihi, kwamba kuifunga Al Ahly na kuvuka kundi lile ni kazi kubwa. Aliyempinga alisema, naye alikuwa sahihi, kwamba timu isiyopata hata sare moja ugenini haina mpango wa ugenini.

Mjadala wa namna hiyo hauishi kwa kupaza sauti, lakini unaweza kupiga hatua mkikubaliana kwanza lengo la klabu kwa msimu ujao. Ikiwa lengo ni kuvuka makundi, ushindi wa mechi tatu za nyumbani unakaribia kutosha, na kocha wa aina ile anafaa kuendelea. Ikiwa lengo ni nusu fainali, hesabu inabadilika, kwa kuwa katika mtoano hakuna kundi la kukuokoa, na mtu anayetafutwa ni yule anayejua kurudi kutoka Algiers au Lubumbashi na sare. Ndiyo maana sisi huandika lengo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jina la kwanza. Aussems aliondolewa Novemba 2019, na hadi leo ninapowasikia watu wakibishana juu yake nagundua kwamba wanabishana juu ya malengo mawili tofauti bila kuyataja.

Kuhusu mzawa na mgeni, ningependa tuwe waadilifu kuliko tulivyozoea. Septemba 2022 Juma Mgunda alitolewa Coastal Union ya Tanga akakabidhiwa Simba kama kocha wa muda, akaitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola kwa kushinda nyumbani na ugenini, akaingiza timu hatua ya makundi. Januari iliyofuata mikoba ikakabidhiwa kwa Robertinho. Kila nikisikia kwamba mzawa hawezi mechi za Afrika, huuliza ni mgeni gani tuliyempima kwa kipimo hicho: bila maandalizi ya mwanzo wa msimu, bila usajili wake, bila wasaidizi aliowachagua. Mnapowalinganisha wawili, walinganisheni wakiwa wamepewa mambo yale yale, na kama mnamkataa mzawa, mkataeni kwa mechi na dakika kama mnavyomkataa mgeni.

Leseni ni jambo fupi: CAF inadai kocha mkuu awe na leseni A yake au nyingine inayoikubali kuwa sawa nayo, kwa hiyo jina lisilo nayo liondolewe mapema lisipoteze muda wa watu. Tetesi nazo zipewe kipimo kimoja tu, kwamba kama hakuna anayeweza kusema zimetoka wapi, haziingii kwenye kaunta buku.

Linalosahaulika ni kujadili kuondoka kwake kabla hajafika. Januari 2021 Simba iliichapa FC Platinum ya Zimbabwe 4-0 na kufuzu makundi, na mara baada ya hapo Sven Vandenbroeck akaondoka kwenda AS FAR ya Morocco. Nabi alielekea klabu hiyo hiyo mwaka 2023. Sead Ramovic aliiacha Yanga Februari 2025, hajatimiza miezi mitatu, akaenda CR Belouizdad ya Algeria, na Septemba mwaka huo Fadlu akaenda Raja. Klabu za Kaskazini zina fedha na zinatutazama. Kocha akifanya vizuri hapa atachukuliwa, na huo ni ukweli wa kupanga nao. Ulizeni, basi, nani katika benchi la ufundi atabaki, ripoti za mazoezi na za wachezaji ni mali ya nani, na kama usajili unafanywa kwa mfumo wa klabu au kwa mapenzi ya mtu mmoja ambaye Desemba anaweza kuwa Rabat. Maswali haya yapelekwe kwa maandishi kupitia viongozi wa tawi, kwa kuwa mkutano mkuu wa wanachama ndio mahali pake.

Mwisho wa kikao, kila mmoja ataje jina lake, sababu moja na jambo moja linalomtia shaka kuhusu huyo huyo anayempendekeza, na katibu aandike na tarehe. Ukurasa huo usifunguliwe hadi timu icheze mechi 10 za kwanza za mashindano chini ya kocha mpya, hata akianza vibaya. Nabi alipofika Yanga Aprili 2021, klabu haikuwa imetwaa ubingwa tangu 2017. Msimu ule ikamaliza ya pili, na Septemba Rivers United ya Nigeria ikaitoa katika Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Miezi tisa baadaye alikuwa bingwa wa Tanzania bila kupoteza mechi ya ligi. Mkifungua ukurasa wenu baada ya mechi ya kumi, anzeni kusoma shaka zilizoandikwa, kisha ndipo msome majina.