Mashimelo ya nanasi na pasheni: hatua kwa hatua, hata kwenye joto la Pwani

Mashimelo ya matunda, zile peremende laini za povu, yakigoma kuganda, lawama huangukia jelatini: eti imekwisha muda, eti ni ya bei rahisi, eti ilipimwa kidogo. Mara nyingi jelatini haina kosa. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, ndilo limeitafuna. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa ni ndefu kuliko zote, na anayeijua tayari aruke hadi ya pili.

Mahitaji, kwa trei ya sentimita 20 kwa 20 (vipande 36 hivi):

- Sukari nyeupe, gramu 350
- Glukosi ya maji, gramu 160
- Maji, mililita 100
- Jelatini ya unga isiyo na ladha wala rangi, gramu 24
- Juisi ya nanasi, mililita 250 mbichi. Itapungua hadi 90
- Juisi ya pasheni iliyochujwa mbegu, mililita 30 (pasheni 3 au 4)
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Konfulawa gramu 80 na sukari ya aisingi gramu 40, za kupakia nje
- Mafuta kidogo ya alizeti

Pima kwa mizani. Kijiko kimoja cha jelatini hutofautiana na kingine kwa gramu kadhaa, na hapa gramu 4 zinatosha kugeuza kitu laini kuwa mpira.

Maneno mawili kuhusu ununuzi. Pakiti za jeli zenye rangi na harufu ya stroberi si jelatini. Kilichomo humo kwa wingi ni sukari. Glukosi ya unga inayouzwa kama kinywaji cha kutia nguvu nayo siyo glukosi ya maji, ile shira nzito isiyo na rangi inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Na kwa wanaoangalia halali: jelatini hutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki, kwa hiyo soma lebo, na isiposema, usinunue. Ya ng'ombe ndiyo ninayoipendelea hata bila sababu ya dini, maana ya samaki huyeyuka kwenye joto la chini zaidi na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hauisamehi. Agari, ile ya kutengenezea faluda, haiingii badala yake. Huganda vizuri, lakini haivutiki wala haishiki povu namna hii.

Hatua ya 1: Ua kimeng'enya cha nanasi

Jelatini ni protini. Nyuzi zake hushikana zikipoa, na mtandao huo ndio unaobeba povu. Nanasi lina bromelini, kimeng'enya kinachokata protini. Ndicho hicho kinacholainisha nyama ukiiloweka kwenye nanasi, na ndicho kinachokuwasha ulimi ukila nanasi jingi. Kikikutana na jelatini hukata nyuzi vipandevipande, na nyuzi zilizokatwa hazishikani tena. Kuongeza jelatini hakusaidii, unaongeza chakula tu. Friji haisaidii. Hata kuligandisha nanasi kwenye friza hakukiui. Hulala tu na kuamka barafu ikiyeyuka.

Kinachokiua ni joto. Saga nanasi kwenye blenda bila maji, chuja kwa kitambaa, pima mililita 250, mimina kwenye sufuria pana. Chemsha mpaka lichemke kwelikweli, mapovu yakipanda katikati na siyo pembeni peke yake, kisha liache liendelee dakika 12 hadi 15 mpaka zibaki mililita 90. Kukiua kimeng'enya kungetosha dakika 5 za mchemko. Muda uliobaki ni wa kupunguza maji, maana juisi nyepesi hutoa mashimelo yanayotoa jasho na yasiyo na ladha ya kutosha.

Watu huchemsha hivyo na bado wanashindwa, kwa sababu hizi:

Povu la juu. Juisi iliyotoka kwenye blenda ina povu zito linaloelea bila kupata joto vizuri. Koroga tangu mwanzo, na teremsha kila kilichoganda kwenye kuta za sufuria.

Vyombo. Mwiko uliokorogea juisi ikiwa mbichi, ukiutumia tena baada ya kuchemka, unairudisha bromelini uliyoiua. Chujio ni hivyohivyo, kikombe cha kupimia ni hivyohivyo, kisu na ubao pia. Acha mwiko ndani ya sufuria muda wote wa kuchemsha, nao uchemke. Vingine vioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla havijagusa kitu kingine.

Tangawizi. Wengi wakiona nanasi wanataka tangawizi, na ni mchanganyiko mzuri. Lakini tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Ikwangue uichemshe pamoja na nanasi tangu mwanzo, usiiongeze mwishoni.

Kipande cha nanasi cha pambo. Usikiweke mbichi juu ya trei. Kesho yake utakuta kishimo chenye maji chini yake.

Kama una shaka, jaribu kabla hujamwaga sukari yote. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha jelatini katika vijiko vinne vya mezani vya maji ya moto, gawa vikombe viwili. Kimoja ongeza kijiko cha mezani cha juisi yako iliyopoa, kingine kijiko cha maji. Weka friji saa moja. Vyote vikiganda, endelea. Cha maji kikiganda na cha juisi kikabaki uji, rudisha juisi motoni. Visipoganda vyote viwili, hapo sasa lalamikia jelatini.

Nanasi la kopo limeshapikwa kiwandani, kwa hiyo halina tatizo hili. Juisi ya boksi vilevile, ila ladha yake ni hafifu na siitumii.

Gharama ya kuchemsha ni harufu: nanasi lililochemka linabaki tamu lakini limepoa ladha. Hapo ndipo pasheni inapoingia, ikiwa mbichi. Pasheni haiisumbui jelatini namna hiyo, na harufu yake inafidia iliyopotea. Changanya mililita 90 za nanasi lililopoa kabisa na 30 za pasheni. Ukitaka rangi, chembe ya manjano inatosha, ile inayoshika ncha ya kisu.

Hatua ya 2: Loweka jelatini

Nyunyiza jelatini juu ya juisi iliyopoa, kwenye bakuli la mikisa, koroga mara moja, acha dakika 10. Bakuli lisiwe na chembe ya mafuta, maana mafuta huvunja povu.

Gramu 24 ni nyingi kidogo kuliko za mashimelo ya vanila ya kiasi hiki, ambayo hutosheka na 21. Ukali wa matunda hupunguza nguvu ya jelatini, hasa ukiungana na moto, na ndiyo sababu jelatini haichemshwi pamoja na juisi.

Hatua ya 3: Pika shira

Sukari, glukosi, maji na chumvi kwenye sufuria nzito. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha weka mwiko pembeni na usiuguse tena. Punje moja ya sukari iliyobaki ukingoni ikidondoka ndani inaweza kuifanya shira yote irudi kuwa chengachenga. Wengine husafisha kingo kwa brashi yenye maji. Kufunika sufuria dakika 2 ikianza kuchemka ni rahisi zaidi, mvuke unaziosha wenyewe.

Kipimajoto cha peremende au cha nyama kinachofika nyuzi 150 ni cha lazima. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso hakifai, kinaishia kwenye joto la homa. Na namba ya kufikia inategemea unaishi wapi, jambo ambalo mapishi mengi hayalisemi. Chemsha kwanza maji matupu, usome kipimajoto. Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar kitasoma 100 au karibu na hapo. Nairobi, mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Chukua namba uliyoisoma, ongeza 16. Basi Nairobi ni 110, na ukiing'ang'ania 116 ya kitabuni utapata shira iliyokauka kupita kiasi na mashimelo magumu ya kutafuna. Pwani ongeza 18 badala ya 16, yaani ufikie 118, kwa sababu hewa ya huko itayarudishia mashimelo unyevu bila kuombwa. Zoezi hili linakuonyesha pia kama kipimajoto chenyewe kinadanganya.

Bila kipimajoto, dondosha shira kwenye maji baridi, uikusanye kwa vidole. Inatakiwa iwe kigololi kinachoshika umbo ukikiinua na kubonyea ukikiminya. Ikisambaa majini, bado.

Glukosi ya maji ikikosekana, pika gramu 200 za sukari na mililita 80 za maji na kijiko cha mezani cha maji ya limau, moto mdogo, dakika 20 hivi mpaka iwe nzito. Pima gramu 160 ikishapoa. Inazuia chenga vizuri, ila inavuta unyevu zaidi, kwa hiyo Pwani nunua glukosi. Asali inafanya kazi hiyohiyo, lakini utakula mashimelo ya asali.

Hatua ya 4: Piga

Epua shira, subiri mapovu yatulie, dakika 2. Washa mikisa kasi ndogo na mimina shira kama uzi mwembamba pembeni mwa bakuli. Ukiimimina juu ya mchapo, zile waya za mikisa zinazozunguka, itaruka, na shira ya moto ikikugusa inanata huku inaunguza. Ikiisha, panda hadi kasi kubwa.

Dakika 8 hadi 12. Mchanganyiko utaanza kama maji machafu ya njano, utaingia weupe, utapanda karibu mara tatu. Acha pale bakuli likiwa vuguvugu kwa nje na mchapo ukiacha mistari isiyofunga. Ukiacha mapema, sehemu ya chini ya trei itakuwa tabaka la jeli. Ukipitiliza, itagandia bakulini na hutaisambaza.

Mikisa ndogo ya mkono ipumzishe nusu dakika kila baada ya dakika 4, la sivyo mota itanuka. Umeme ukikatika katikati, usitupe kitu. Ukirudi, kalisha bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto mpaka jelatini ilegee, piga upya.

Hatua ya 5: Trei

Karatasi ya kuokea, mafuta kidogo, mimina, sawazisha kwa mwiko uliopakwa mafuta. Haraka.

Hatua ya 6: Kukata na kupaka unga

Kaanga konfulawa kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 5, bila kubadilika rangi. Inakauka na kupoteza ule ubichi unaokwama kooni. Ipoe, changanya na sukari ya aisingi. Uwiano wa nusu kwa nusu unaouona kwenye mapishi mengi unafaa Arusha au Nairobi wakati wa kiangazi. Pwani sukari hiyo huvuta maji na kugeuka ute, ndiyo maana hapa konfulawa ni mara mbili.

Nyunyizia juu ya trei, acha kwa muda wa saa 8 nje ya friji. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta, geuza kila kipande kwenye unga pande zote, kisha kung'uta kwenye chujio. Unga wa ubuyu unapendeza sana juu yake, ila upake wakati wa kupeleka mezani. Ukikaa usiku mzima unalowa.

Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mahali penye kivuli, wiki moja. Usiyaweke kwenye friji: ukiyatoa, hewa ya joto inayatonea umande na unga wote unalowa. Wala usiyaache kwenye gari lililoegeshwa juani, maana jelatini huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 35.

Matunda mengine

Juisi yoyote utakayotumia, jumla ibaki mililita 120. Pasheni tupu ni kali mno. Tumia 80 na maji 40. Embe lichemshe dakika 5 kisha lichuje nyuzi. Choya pika iwe nzito, na utapata rangi nyekundu bila kununua rangi. Ukwaju, rojo nzito mililita 60 na maji 60, na jelatini ipande hadi gramu 26. Papai lina papaini, inayovumilia joto kuliko bromelini, na baada ya kulichemsha muda wa kuiua unabaki na utamu usio na ladha. Lile hivihivi, na ndimu.