SOMO: Umeletewa samansi ya madai? Anza kuhesabu siku leo leo

Wakuu habari za jioni. Juzi baba mdogo wangu, fundi wa kuchomelea huko Tandika, kaniletea bahasha kaikunja ndani ya daftari lake la kazi. Nafungua nakuta samansi (wito wa mahakama) na hati ya madai (karatasi ya mdai inayoeleza anachodai), mwenye jengo la fremu anamdai milioni 38 za mageti na grili, na baba mdogo alishaipokea siku 18 nyuma! Namuuliza mbona kimya, ananijibu si wameandika kesi inatajwa mwezi ujao, nilikuwa nasubiri tarehe.

Hapo ndo wengi wanapoumia jamani. Tarehe ya kutajwa, yaani siku kesi inaitwa mahakamani, ni kitu kingine na muda wa kujibu ni kitu kingine. Kesi ikiwa mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi kama Kisutu, au Mahakama Kuu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakupa siku 21 kupeleka utetezi wa maandishi, zinahesabiwa tangu ulipopokea samansi.

Hatua ya kwanza, ipokee. Kusaini sio kukubali deni, unakubali tu kwamba karatasi umeiona. Ukikataa, msambaza nyaraka anabandika nakala mlangoni kwako anaenda kuapa kwamba alikukuta ukagoma, na mahakama ikiridhika basi umeshapelekewa. Usipopatikana, mtu mzima wa familia unayeishi naye anaweza kukupokelea, na wakikukosa kabisa inaweza kutangazwa gazetini. Kwa hiyo pokea, na kwenye nakala yako andika kwa peni tarehe na saa.

Hatua ya pili ndo kazi yenyewe. Hati ya madai ina aya zenye namba, na wewe unazijibu moja moja. Baba mdogo alitaka tuandike mstari mmoja tu, "sidaiwi chochote". Haitoshi! Aya ya 4 inasema alipokea advansi milioni 15 akaacha kazi, sasa tukikanusha juu juu inahesabika tumekwepa, na usichokikanusha wazi unaweza kuchukuliwa umekikubali. Tukakaa usiku na daftari lake: alipokea kweli, ila 12, kwa mafungu matatu, na grili za chini alishakabidhi. Hivyo ndo tulivyoandika, tukaambatanisha risiti za vyuma na meseji za mteja. Kama na wewe unamdai, weka madai kinzani humo humo. Kama kesi imefunguliwa nje ya muda au mahakama haina mamlaka, weka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kuipinga kesi kabla haijasikilizwa. Mwisho saini, na usisahau uthibitisho pale chini, yaani maneno kwamba ulichoandika ni kweli, watu wanausahau sana.

Baada ya hapo unasajili, unalipia kwa kontrol namba, mdai anapelekewa nakala.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Mkuu siku 21 zangu zimeisha juzi, ndo basi tena?
Jibu: Bado kaka, ila kesho asubuhi uwe mahakamani. Unaruhusiwa kuomba kuongezewa muda ndani ya siku 7 baada ya zile 21 kuisha, uwe na sababu ya msingi, na ukikubaliwa unapewa siku 10. Ukizembea na hapo mdai ataomba athibitishe madai yake upande mmoja, yaani bila wewe kusikilizwa.

Mdau wa Kigamboni: Yangu iko mahakama ya mwanzo, na mimi niandike utetezi?
Jibu: Hapana, kule wana kanuni zao. Unasomewa madai na unajibu kwa mdomo, we nenda tarehe uliyoitwa, beba vielelezo.

Dada wa Kinondoni: Sijawahi kuona samansi, dalali wa mahakama ndo kaja na hukumu tayari. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana dada. Omba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, muda wake ni siku 30 kwa hiyo tafuta wakili au kituo cha msaada wa sheria leo, na muombe pamoja na kusimamisha utekelezaji. Kabla ya yote ombeni kuona jalada, msome kiapo cha msambaza nyaraka: anasema alikukuta wapi, tarehe gani, nani alimwonyesha nyumba yako? Kama siku hiyo ulikuwa safarini, tafuta hata tiketi ya basi.

Mdau wa Temeke: Na baba mdogo ilikuwaje?
Jibu: Tumesajili leo mchana, siku ya 20. Saa hizi anatafuta daftari la mwaka jana, ndo lina saini ya mteja siku aliyochukua grili za chini.