Gari la Kale Lisilo na Paa: Kutoa Kutu Bila Kuikunja Bodi

Gari la kawaida hushikwa na paa na nguzo zake. Gari la wazi, kama MGB iliyoundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, hutegemea maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango. Mafundi huyaita sili. Kutu huanzia humo ndani, usipoiona, na ukiikata sili kwa pupa gari hukunjika katikati, mlango ukagoma kufunga.

Kutu ya Kisumu haitokani na chumvi, maana maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Ni unyevu na tope. Udongo mweusi wa Ahero ukijaa kwenye sili huziba vitundu vya kutoa maji. Juu unakauka, chini unabaki umelowa.

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi na sumaku iliyofungwa kitambaa. Chokoa sili, sakafu chini ya zulia na sehemu za kuwekea jeki. Sumaku isiposhika, hapo pamejazwa filla, yaani dongo la kuzibia mashimo ya bodi. Kisha tazama mwanya wa mlango: ukiwa mwembamba juu kuliko chini, gari limeshalala katikati, na lazima linyanyuliwe hadi mwanya ulingane ndipo likatwe.

Toa betri, tangi na mipira ya mafuta. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, stendi nne zikikaa karibu na magurudumu, mahali ambapo gari hubeba uzito wake kila siku. Stendi zikikaa katikati, utachomelea bodi ikiwa imepinda.

Sasa ifunge bodi. Chomelea skwea tyubu ya milimita 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, pande zote mbili, na nyingine ikatize kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zipitishe ndani ili milango iendelee kufunga, kwa sababu mlango ndio kipimo chako. Pima pia kona kwa kona ndani ya gari, uandike vipimo ukutani.

Fanya upande mmoja hadi uishe, ndipo uguse wa pili. Kata hadi bati safi, sentimita 2 au 3 kupita kutu. Paneli za MGB bado zinaundwa mpya Uingereza. Za magari mengine, peleka kipande cha zamani kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu, wakukunjie. Sili ya ndani itumie bati la geji 18, ya nje geji 20. Mabati ya nyumba ya geji 30 hayafai: ni membamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Fimbo za kuchomelea mageti zitatoboa bati hili. Tafuta mashine ya kuchomelea ya MIG, inayotumia waya badala ya fimbo, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Piga vidoa vilivyoachana sentimita 5, ukirukaruka huku na kule, kisha ujaze nafasi kidogo kidogo. Mstari mrefu wa mara moja hupindisha bati. Funga mlango kila baada ya vidoa vichache. Mlango ukianza kukwaruza, simama, legeza, panga upya.

Bati tupu huota kutu usiku mmoja, hasa Machi hadi Mei. Lililosafishwa asubuhi lifutwe kwa thina na kupakwa praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Filla huja juu ya praima, isizidi milimita 3, kwani hufyonza maji kama sponji. Lainisha kwa msasa wa 80, halafu 180, halafu 320, ndipo rangi. Rangi ikikauka, nyunyizia nta ndani ya sili kupitia vitundu vya maji, kisha uvizibue kwa waya. Kazi nyingi nzuri huharibikia hapa, vitundu vikiachwa vimezibwa na nta yenyewe.

Hudi, yaani paa la kitambaa, huja mwisho kabisa, milango na vioo vikishakaa sawa. Ivute mchana jua likiwaka, wakati kitambaa kimelegea. Na isikunjwe ikiwa imelowa, itaota ukungu.