Kusafisha tangi dogo la samaki lenye vifaranga: cha kuogopa ni maji mapya

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tangi la kioo la lita 30 hadi 60 pale sebuleni, ambaye samaki wake wadogo wa urembo aina ya gapi wamezaa, uchafu umejaa chini, naye anaogopa hata kutia mkono. Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Kampala, ambaye vifaranga wake wa kwanza walikwisha wote siku ileile ya usafi. Samaki aina ya moli na plati wanafuata njia hiyohiyo. Anayefuga nkejje, wale furu wadogo wa Ziwa Victoria, asubiri kwanza. Mama zao wengi hubeba mayai na watoto mdomoni, na ukimsumbua huwatema au kuwameza kabla ya wakati.

1. Watenge wakubwa

Gapi hula watoto wake mwenyewe. Wahamishe wakubwa, au kama tangi ni moja tu, jaza majani mengi yanayoelea ili vifaranga wapate pa kujificha. Majani usiyatoe ziwani: yanakuja na konokono, na konokono wa Ziwa Victoria ndio wanaobeba kichocho.

2. Vifaa

Ndoo mbili za samaki tu, ambazo hazijawahi kuona sabuni wala Jik. Ziandike kwa rangi, la sivyo kuna mtu atazifulia. Mpira mwembamba wa hewa, ule ule wa pampu. Beseni jeupe. Tochi. Kadi ya zamani ya benki.

Lile bomba pana la kusafishia kokoto mwachie mwenye samaki wakubwa, maana linameza kifaranga kabla hujamwona. Na kokoto zenyewe sizitaki kabisa katika tangi la watoto. Chakula kinaingia katikati ya mawe na kuozea humo usikione. Acha kioo kitupu chini.

3. Andaa maji siku moja kabla

Hapa ndipo vifaranga wengi hufia, kwa hiyo nivumilie.

Maji ya bomba yanatiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyohiyo huunguza mashavu ya samaki, yale anayopumulia, na ya kifaranga ni laini mno. Kila mtu amesikia kwamba maji "yalale" usiku mmoja kwanza. Jirani yangu naye alikuwa amesikia.

"Kaka, haya maji nimeyakinga juzi, yamelala kabisa."

"Yamelala wapi, dada?"

"Si kwenye jerikani."

Jerikani lenyewe lilikuwa limezibwa kwa ndizi mbichi, kama kawaida yetu. Klorini hutoka kwa kupanda hewani. Ukiziba mdomo, haina pa kwenda. Hata ukiuacha wazi, mdomo wa jerikani ni mdogo na maji ni mengi, kwa hiyo inatoka polepole sana. Mimina maji kwenye ndoo au beseni pana, yakae saa 24 bila kufunikwa kwa kitu kizito. Ukiweza kutumbukiza jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu ya pampu, usiku kucha, ni bora zaidi. Mwenye dawa ya kuondoa klorini aitumie kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mimi naiweka kwa dharura tu.

Maji yaliyochemshwa? Klorini imetoka, ndiyo, lakini hewa imetoka nayo. Yakishapoa, yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa, yatoe povu. Na makaa yalivyo ghali, sioni sababu.

Maji ya mvua ni mazuri kwa sharti. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, hiyo iache ipite. Tena maji ya mvua hayana madini, na gapi na moli wanapenda maji yenye madini. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba yaliyolala. Kama mvua inakingwa kwenye tangi la saruji, jua kwamba saruji hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikipanda, uasidi umepungua).

Maji ya chemchemi ya bondeni, palipozungukwa na vyoo vya shimo, usiyaguse hata yaking'aa. Huwa na nitrati nyingi, na hiyo haionekani kwa macho wala haitoki kwa kuchemsha.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Tangi likikaa muda mrefu bila kubadilishwa maji, pH yake hushuka. Katika maji ya namna hiyo, taka ya samaki hukaa zaidi katika umbo lisilo na sumu kali, nawe unadhani kila kitu ni salama. Siku unayomimina ndoo nzima ya maji yenye pH ya juu, taka ile inageuka amonia ya kuua palepale. Maji ni masafi, klorini haipo, na vifaranga wanakufa. Ndiyo maana tangi lililotelekezwa halisafishwi kwa siku moja. Toa sehemu moja ya kumi leo, nyingine kesho, nyingine keshokutwa, mpaka maji yazoeane.

Mwisho wa hatua hii ni joto. Ndoo iliyolala kwenye sakafu ya saruji asubuhi ya Kampala ni baridi kuliko tangi. Iliyokaa juani uani ni moto. Nunua kipimajoto cha kubandika kiooni, na kingine cha ndoo. Tofauti isizidi nyuzi 1 au 2. Wengine hupima kwa kiwiko kama wanavyopima maji ya mtoto mchanga, na kwa samaki wakubwa inatosha.

4. Nyonya uchafu

Fanya asubuhi, kabla ya kulisha. Zima pampu, subiri uchafu utulie. Jaza mpira maji kwenye ndoo, ziba ncha kwa kidole, ingiza upande mmoja tangini, shusha mwingine kwenye beseni jeupe lililo chini. Usivute kwa mdomo.

Pitisha ncha juu ya uchafu taratibu. Ukiona kifaranga anasogea, bana mpira. Toa lita 4 hadi 6 kwa tangi la lita 40, basi. Kila siku ya pili ni bora kuliko nusu ya tangi mara moja kwa wiki. Ukimaliza, mulika beseni kwa tochi. Karibu kila mara kuna aliyeponyoka. Mrudishe kwa kijiko pamoja na maji yake.

Wengine hufunga kitambaa kwenye ncha ya mpira. Sawa, tumia kipande cha soksi ya nailoni iliyosuuzwa kwa maji matupu. Usikate chandarua. Vyandarua tunavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa za jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki. Kwa sababu hiyohiyo, ukipuliza dawa ya mbu chumbani, zima pampu kwanza na funika tangi, kwa kuwa pampu huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini.

5. Kioo na sponji

Kwangua kioo cha mbele kwa kadi. Vya pembeni na nyuma viache na ukijani wake, vifaranga wanauchokonoa kutwa nzima.

Sponji ya chujio ikamue mara mbili tatu ndani ya maji uliyoyatoa, kamwe si bombani. Bakteria wanaokula amonia wanaishi humo, na klorini itawaua. Umeme ukikatika usiku kucha, ikamue hivyohivyo kabla ya kuwasha tena, maana uchafu uliokosa hewa ndani yake huoza. Na pampu ikae juu ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukienda maji yatarudi kwa mpira hadi kwenye pampu.

6. Rudisha maji kwa matone

Weka ndoo juu ya kiti kilicho juu kuliko tangi, funga fundo kwenye mpira, ulegeze mpaka maji yadondoke tone kwa tone. Lita 5 zichukue kama saa moja. Washa pampu.

7. Baadaye

Vifaranga wakipanda juu na kuhema kwa haraka, simamisha matone, ongeza hewa, tia dawa ya kuondoa klorini kama unayo, na usiwalishe siku hiyo.

Kuhusu chakula, sipendi kiini cha yai. Punje kidogo tu na maji yote yanakuwa maziwa. Mukene (dagaa) mkavu uliooshwa mchanga, ukaanikwa tena na kusagwa hadi unga, unatosha, kiasi cha kuisha ndani ya dakika chache.

Vifaranga wakifika sentimita moja na nusu na wanakula vizuri, punguza kazi: robo ya maji mara moja kwa wiki, bado kwa maji yaliyolala kwenye ndoo iliyo wazi.